Nati Nyekundu

Malori ya zamani ya jeshi la Uingereza yana siri moja inayoua. Mengi yake yana rimu za vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa boliti. Kuna nati za kufunga gurudumu zima kwenye gari, na kuna nati za kushikanisha vile vipande viwili. Ukifungua za kwanza, gurudumu linatoka. Ukifungua za pili tairi likiwa na upepo, chuma kinaruka, na aliyeinama mbele yake hana pa kukimbilia. Ndiyo maana jeshi lilizipaka hizi za pili rangi nyekundu.

Sasa njoo Mishomoroni. Kuna Bedford moja la aina hiyo kwenye gereji karibu na kwetu, limewekwa winchi nyuma, linafanya kazi ya brekdauni. Limepakwa rangi mara nyingi kuliko nyumba ya harusi. Jeshi lilikuwa na kijani chake, mwenye gari wa kwanza akaja na buluu, wa sasa ana manjano. Nati zote zina rangi moja.

Siku moja nilikuwa nimekaa pale, spanaboi akapeleka spana kwenye nati. Mzee mwenye gereji alimpiga kofi la mkono, spana ikaanguka.

"Hiyo siyo! Toa upepo wote kwanza!"

"Sasa mzee, mimi ningejuaje?"

"Kwa kuambiwa."

Wallahi jibu hilo bado linanikera. Mzee hakukosea. Lakini kwani hatuna njia nyingine ila kuambiwa? Na siku mzee hayupo?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi, kila kitu kwa Kiingereza, na sikuwahi kufundishwa jinsi ya kuvuta lori lililokufa barabarani. Nimefundishwa na mzee huyu. Lori kubwa la kisasa likiisha upepo, springi za breki zinakaba magurudumu ya nyuma. Huwezi kulivuta mpaka ulipe upepo kutoka gari lako, au uzilegeze springi zenyewe kwa boliti zake, na kabla ya hapo uwe umeweka vigingi chini ya matairi, la sivyo litakufuata lenyewe. Ukishamaliza hapo, utoe propela shafti. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazungusha giaboksi, oili haifiki juu, na giaboksi inaungua ukiwa unadhani unasaidia. Halafu usivute kwa mnyororo mtupu lori lisilo na breki, maana kwenye mteremko litakuja kukugonga mgongoni. Tumia chuma kigumu cha kuvutia.

Umesoma aya nzima ya makanika na umeelewa. Sasa niambie ni wapi kimeandikwa kitabu cha Kiswahili chenye aya kama hiyo. Mimi nimetafuta maduka ya vitabu ya mjini sijakiona. Nimeona riwaya, nimeona diwani, nimeona miongozo ya kufaulu mtihani wa riwaya na diwani.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe, wasomaji na waandishi wa majarida kama hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kila tarehe 7 Julai tunavaa leso na kanzu tunakisherehekea. Tunaandika insha ndefu kuhusu ukombozi wa lugha. Lakini kijana anayeinama mbele ya tairi Kisauni tumemwachia lugha ya kofi.

Ati Kiswahili hakina msamiati. Nenda gereji yoyote usikilize: difu, klachi, tela, jeki, grisi, shokamzoba, nozo. Wazee walishamaliza kazi hiyo bila kamati. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuandika.

Wengine wanasema malori haya yaondolewe tu barabarani, ni mikebe. Sheria inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, lakini haya yaliingia zamani, na siku gari lako linazima Nyali Bridge saa kumi na mbili jioni, mkebe ndio unaokuja. General Motors ilijiondoa kwenye malori ya Bedford mwaka 1986. Mafundi wa hapa hawakujiondoa.

Tena mashine bila elimu yake tumeshaiona inavyoishia. Kongwa, Tanganyika, 1947: Waingereza walileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakaviita Shervick. Walitaka kulima karanga. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba, na mashine ziliharibika haraka kuliko karakana zilivyoweza kuzitengeneza. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Pesa zilikuwepo na chuma kilikuwepo. Gereji hii ya Mishomoroni haina hata moja ya hayo mawili, na lori lake linawaka kila asubuhi.

Usinielewe vibaya, sijaja kuwasifu jua kali. Sifa zimezidi. Tunapiga picha mikono yenye grisi, tunaandika "ubunifu wa Kiafrika", halafu yule kijana anarudi chini ya gari lililoshikwa na jeki na kipande cha mbao. Sifa haimkingi mtu na rimu.

Ninachotaka ni kidogo. Vyuo vya ufundi vilipe wazee hawa wakae na waandishi, vitabu vitoke kwa Kiswahili, vyenye picha, vya bei ya sahani ya pilau. Wachapishaji waache kusema havina soko kabla hawajachapa hata kimoja. Na sisi tunaojiita waandishi tushuke chini ya gari kabla ya kuandika insha nyingine kuhusu lugha.

Mimi nimeanza na daftari moja. Ukurasa wa kwanza ni wa rimu. Na juzi nilinunua kopo dogo la rangi nyekundu, nikampelekea spanaboi. Mzee alimwonyesha ni zipi, akazipaka mwenyewe.