Mzee, Unasafiri Leo?

Nilistaafu ustesheni masta hapa Tabora nilipofikisha miaka 60, umri ambao sheria yetu inasema inatosha. Kabla ya hapo tulipelekwa semina. Siku mbili nzima tulifundishwa kikokotoo, matapeli wanaonusa mafao na ufugaji wa kuku. (Sidhani kama kuna mstaafu Tanzania hii ambaye hajashauriwa afuge kuku.) Hakuna aliyetuuliza: ikifika saa nne asubuhi, kuku wameshakula, wewe utafanya nini?

Saa nne ndiyo saa mbaya. Mke wangu yuko sokoni, wajukuu wako shule, simu kimya. Ya stesheni haikuwahi kuniacha nimalize chai. Tabora ndipo reli inapogawanyika, hii Kigoma, ile Mwanza. Nikisinzia mimi, wanakwama watu wa maziwa mawili.

Basi nikawa nakwenda stesheni kusikiliza injini tu. Siku moja kijana wa tiketi, tena mwenye adabu zake, akanisalimu: “Shikamoo mzee. Unasafiri leo?” Nikamdanganya kwamba nampokea mgeni. Treni ikaingia, abiria wakashuka hadi wa mwisho. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Ukisema una upweke, unachekwa. Una mke, una watoto sita, upweke wa nini? Ni kweli, watu ninao, na shikamoo napewa kutwa nzima. Anayeniuliza jambo ninalolijua ndiye simpati.

Kilichoniokoa ni daftari. Wazee wa kijiwe cha kahawa, chini ya mwembe, tuna mfuko wa mazishi. Hesabu zake zilivurugika, wakanikabidhi mimi. Kila Jumamosi shilingi elfu moja moja. Sasa saa nne nina kazi: nani kalipa, nani anadaiwa, nani hajaonekana wiki mbili. Asiyeonekana namfuata kwake. Mwalimu mmoja mstaafu nilimkuta amekaa mbele ya redio iliyozimika. Betri zilikwisha tangu Jumatatu, akaniambia. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Waandaaji wa semina, ongezeni siku ya tatu, na mwiteni mstaafu aiendeshe. Nawe kijana wangu wa tiketi, ukiniona tena pale sina hata begi, usiniulize naenda wapi. Niulize treni ya Kigoma ikichelewa huwa imekwama wapi. Kaa kabisa, maana jibu ni refu.