UCHAMBUZI: Redio za mkononi za bei nafuu, kwa nini alama ya FCC si ruhusa ya kuongea hewani

Mashariki mwa Congo, redio ya mkononi ya kuongea na mwenzako aliye ng'ambo ya kilima tunaiita "motorola", hata kama imeandikwa Baofeng na imetoka China. Ukitoa betri, mara nyingi utakuta karatasi ndogo yenye alama: CE ya Ulaya, FCC ya Marekani. Muuzaji akikuonyesha alama hizo, unatulia. Unajiambia kwamba mashini imekwisha kubaliwa na wakubwa, shida itoke wapi?

Shida ipo, na imejitokeza Marekani kwenyewe, nchi inayotoa alama ya FCC.

FCC ni tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano. Kwa kawaida, chombo chochote kinachorusha sauti hewani hakiuzwi nchini humo kabla ya kupimwa na kupewa cheti. Lakini kuna kundi moja lililoachiwa nafasi: redioamateri, yaani watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda na kujifunza, bila malipo. Redio iliyotengenezwa kwa ajili yao tu, kwa kawaida haidaiwi cheti hicho. Sababu ni kwamba redioamateri amefanya mtihani, amepewa leseni na jina lake la hewani. Anaruhusiwa hata kujitengenezea redio yake nyumbani. Serikali haikukagua mashini. Ilikagua mtu, na mtu huyo ndiye anayejibu mashini ikikosea.

Utaratibu huo ulienda vizuri wakati redio zilikuwa za bei kali na wanunuzi walikuwa wale wenye leseni. Kisha, mwaka 2012, ikaingia sokoni Baofeng UV-5R, redio inayouzwa chini ya dola 40. Mtu yeyote anaweza kuinunua bila kuulizwa karatasi.

Tuangalie kile inachofanya. Redio hiyo inaweza kurusha sauti kutoka MHz 136 hadi 174, na tena kutoka MHz 400 hadi 480 au 520. Masafa ya redioamateri wa Marekani katika eneo hilo ni 144 hadi 148 na 420 hadi 450 peke yake. Kwingine kote ni mali ya watu wengine: polisi, wazima moto, magari ya wagonjwa, meli. Kidole kikikosea namba moja, unaingia katika mazungumzo ya wazima moto.

Tarehe 1 Agosti 2018, FCC iliandikia barua ya onyo kampuni Amcrest ya Houston, Texas, iliyokuwa ikiuza UV-5R V2+. Inafaa kusimama hapo kidogo, kwa sababu redio hiyo ilikuwa na cheti. Ilipewa kwa matumizi ya makampuni na huduma za nchi kavu, si kwa redioamateri. Cheti kilisema nguvu yake ni wati 1.78, kitabu cha maelezo kilimwambia mnunuzi wati 1 au 4. Tena redio za kundi hilo haziruhusiwi kumpa mtumiaji uwezo wa kujichagulia masafa kwa vidole kwenye mashini, wakati UV-5R inafanya hivyo bila shida. Kwa maneno mengine, kilichopewa cheti na kilichofika mkononi mwa mnunuzi havikuwa kitu kimoja.

Mwezi uliofuata, Septemba 24, FCC ilitoa tangazo kwa wauzaji wote: redio inayoweza kurusha nje ya masafa ya redioamateri haiwezi kujificha nyuma ya jina la redioamateri ili kukwepa cheti. Faini iliyotajwa inapita dola 19,000 kwa siku moja ya kosa, na kosa likiendelea inaweza kufika dola 147,290. Redioamateri wenyewe walishtuka, kwa kuwa wengi wao walikwisha nunua redio hizo na wanazitumia ndani ya masafa yao. Chama chao, ARRL, kilitaka FCC ifafanue vizuri haki ya mwenye leseni.

Kuna pia jambo la usafi wa sauti. Redio mbaya hairushi mahali ulipoiweka tu. Inamwaga mabaki pembeni. Kwa redio ndogo za aina hii, sheria ya Marekani inataka mabaki yasipite mikrowati 25. Maabara ya ARRL ilipima redio za bei nafuu ikakuta nyingi hazifikii kiwango hicho.

Kwa maoni yangu, Marekani ilichelewa. Kosa lilikuwa mlangoni, pale mzigo ulipoingia, lakini ilisubiriwa miaka sita hadi redio zikajaa majumbani.

Hata hivyo, cheti cha mashini hakimalizi kila kitu. Julai 2021, wakati msitu ulikuwa ukiungua jimboni Idaho, mtu mmoja aliingia kwenye MHz 151, masafa ya wazima moto, akaanza kuwapa maelekezo yake. Alikuwa redioamateri mwenye leseni halali. Mwaka uliofuata FCC ilipendekeza atozwe dola 34,000.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Congo ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano inataka vyombo vya redio vipitishwe na mamlaka ya udhibiti ya nchi, ile tunayoijua kwa jina la ARPTC. Ndicho kinachoitwa omologasio. Haki ya kutumia masafa ni karatasi nyingine. Alama ya FCC haichukui nafasi ya hata moja kati ya hizo mbili. Na tangu M23 iingie Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mfanyabiashara wa huko anayetaka kufuata sheria ya Kinshasa ana kazi ngumu hata kujua agonge mlango gani.

Anayelipia fujo hii si aliyeleta makatoni. Ni mlinzi wa usiku au dereva wa mtumbwi anayekutwa kizuizini na redio mfukoni, bila karatasi, mahali ambapo kila upande unamtafuta mtu wa upande wa pili.

Tena kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa, Afrika na Ulaya ziko pamoja, Marekani iko mbali. Upande wetu redioamateri wana 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Kwa hiyo hata redio iliyofungwa vizuri kabisa kwa kufuata sheria ya Marekani, ikifika Bukavu au Beni bado inaweza kurusha kwenye 147, na hapo si mahali pa redioamateri wa Congo.