Boila ikilala, kutu hailali

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa likelemba alikuta maji chini ya boila yake. Kuranti ilikuwa imekatika siku tatu, naye alifikiri boila imepumzika. Fundi aliifungua, akatoa waya mtupu, akasema: “Mama, tangi limetoboka. Halitengenezwi tena.” Boila ilikuwa na miaka sita. Pesa ya minervali ya watoto ikaenda kununua nyingine.

Ule waya ndio uliobaki wa anode. Wengi wetu tuna boila na hatujawahi kusikia jina hilo.

Tangi la boila ni chuma kilichopakwa emaye ndani, kama sahani zetu. Tunajua sahani ya emaye ikibanduka kidogo, kutu inaanza pale pale. Ndani ya tangi pia nyufa ndogo hazikosi. Kwa hiyo kiwanda kinaweka humo fimbo ya magneziamu, ili iliwe kwanza na chuma kibaki kizima. Ndivyo zinki inavyolinda mabati juu ya nyumba zetu. Fimbo ikiisha, zamu ya tangi inafika. Wala haingoji kuranti: maji yakiwa ndani, hata ya baridi, fimbo inaendelea kuliwa.

Tufanye nini? Tumwite fundi aitazame kila mwaka au miaka miwili. Ikiwa imebaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati umeonekana, ibadilishwe.

Tukienda kununua, tubebe fimbo ya zamani. Mpya iwe na urefu unaoingia ndani ya tangi, na uzi wa kufungia ulio sawa. Kwa nyumba nyingi magneziamu inatosha. Maji ya moto yakinuka yai bovu na ya baridi hayanuki, tuombe ya aluminiamu yenye zinki. Kuna pia anode ya titani inayofanya kazi kwa kuranti. Hiyo haiishi upesi, lakini kuranti ya SNEL ikikatika, nayo inaacha kulinda. Kwetu hapa Lubumbashi, ile inayoliwa ndiyo ya kutegemea.

Siku ya kazi, fundi akate kuranti kwenye kisanduku, maana inaweza kurudi ghafla. Afunge maji yanayoingia, aache ya ndani yapoe, ndipo ayamwage. Watoto wakae mbali. Boila nyingi za ukutani zinafunguliwa kwa chini, basi jointi mpya iwe tayari. Ya zamani ikirudishwa itavuja. Fundi akiwa pale, aondoe na chokaa kwenye rezistansi.

Mwishowe, tuandike tarehe juu ya boila yenyewe. Bei ya fimbo ni ndogo sana mbele ya bei ya boila. Katika likelemba tunaweza kumwita fundi mmoja azunguke nyumba zetu zote siku moja. Tuanze na nyumba ambayo boila yake haijafunguliwa hata mara moja.