Kofia ya Baiskeli: Je, Sheria Yatosha?

Wahenga walisema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Tarehe 1 Julai 1990 jimbo la Victoria, nchini Australia, liliwaamuru wapanda baiskeli wote, wakubwa kwa wadogo, kuvaa kofia ngumu ya kukinga kichwa. Hakuna nchi iliyokuwa imewatangulia. Kufikia mwaka 1992 Australia nzima ilikuwa imefuata, na New Zealand ikaanza tarehe 1 Januari 1994.

Matunda yalionekana upesi. Kabla ya sheria, takriban wapanda baiskeli 31 katika kila 100 walivaa kofia hizo huko Victoria. Mwaka mmoja baadaye walifika 75. Majeruhi wa kichwa waliolazwa hospitali walipungua. Ndani ya kofia mna povu gumu linalobonyea wakati wa kishindo, hivyo pigo hufika kwenye fuvu likiwa limepungua nguvu.

Hata hivyo, waliohesabu baiskeli barabarani mjini Melbourne waligundua jambo jingine: vijana wanaoziendesha walikuwa wamepungua sana. Tangu hapo wataalamu wamebishana. Je, majeraha yalipungua kwa sababu vichwa vilikingwa, au kwa sababu waendeshaji walikuwa wachache? Kijana anayeacha baiskeli hapati jeraha la baiskeli, lakini hukosa pia zoezi linaloimarisha moyo wake.

Sheria huwa na mzigo, na aghalabu humwelemea mnyonge. Huko King County, wilaya yenye mji wa Seattle nchini Marekani, amri ya namna hiyo ilifutwa Februari 2022, baada ya kudhihirika kwamba watu Weusi na wasio na makazi waliadhibiwa kupita kiasi.

Uholanzi haina sheria hiyo kwa baiskeli za kawaida, na wengi huendesha vichwa wazi. Wanalindwa na njia zao zilizotengwa na magari. Kofia haizuii gari kumgonga mtoto. Hupunguza tu madhara akishagongwa.

Basi mzazi mwenye busara hangoji askari. Humchagulia mwanawe kofia inayomtosha, humfunga mkanda chini ya kidevu, na kofia iliyokwisha kupata kishindo kikubwa huibadilisha. Lakini serikali inayotoa amri ya kofia bila kutengeneza njia ya baiskeli, imetimiza nusu tu ya wajibu wake.