Kazi isiyoonekana ku fishi ya mushahara

Ku fishi ya mufanyakazi iko pale wanauliza kazi ya bibi. Wengi wetu tunaandika «menajere», na ku kichwa tunasoma: hana kazi. Kisha tunaenda ku posti na nguo iliyofuliwa, na chakula mu mufuko, na watoto wamekwisha kutumwa ku masomo, na mayi imejaa ku bido. Nani alifanya yote ile? Ni yule hana kazi.

Leo tunapenda kuongea juu ya filozofia ya feminisimu. Tunajua ndugu moja atacheka, atasema ile ni mambo ya Wazungu, ya wamama wa iniversite wenye kuchukia wanaume. Asome kwanza, acheke nyuma. Juu wale wamama waliuliza ulizo ambalo sendika ilipaswa kuuliza tangu zamani: kazi ni nini, na nani anakula matunda yake?

Mu mwaka 1949, Simone de Beauvoir alichapisha ku Ufaransa kitabu Le Deuxième Sexe. Alionyesha kama mambo mingi tunayoita asili ya mwanamke haitoke ku damu, inatoka ku malezi, ku sheria na ku franga. Mu 1970, Mufaransa mwengine, Christine Delphy, aliingia mpaka jikoni na ku shamba. Aliangalia wabibi wa walimaji wa inchi yake: wanalima, wanafuga, mazao inauzwa ku soko, lakini wao hawalipwe kitu. Delphy akasema haiko juu kazi yao haina bei, juu kazi ileile ikifanywa inje ya nyumba, inalipwa. Tutwae mufano wa kwetu. Sahani ya bukari na sombe ukiikula kando ya barabara, unalipa. Ukiikula ku nyumba, ni bure. Bukari ni ileile na moto ni uleule. Kilichobadilika ni ndoa tu.

Miaka mbili kisha, mu 1972, Mariarosa Dalla Costa wa iniversite ya Padova, ku Italia, na Selma James, mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi ya kiwanda mu ujana wake, walisukuma ulizo mbele. Kazi ya nyumba inatengeneza nini? Jibu lao: inatengeneza mufanyakazi mwenyewe. Asubui anafika ku kazi na nguvu mupya, na kesho kutwa mutoto wake atafika nafasi yake. Tajiri analipa muntu moja, anapata kazi ya watu wawili. Ndipo wakaanza kudai mushahara wa kazi ya nyumba, pamoja na Silvia Federici aliyeendesha mapigano ile ku New York, na aliyefundisha baadaye ku iniversite ya Port Harcourt, ku Nigeria.

Wandugu, musizani kama wale wamama walikuwa na sauti moja. Delphy alisema anayefaidi wa kwanza ni bwana wa nyumba. Dalla Costa na James walisema ni tajiri. Mu 1981, Angela Davis, mwalimu wa filozofia na Mumarekani mweusi, aliwajibu wale wa mushahara: wamama weusi ku Marekani wamelipwa tangu zamani juu ya kusafisha nyumba za wengine, na ile mushahara haikuwaweka huru. Yeye alipenda kazi ya nyumba itoke mikononi mwa mama moja moja, ibebwe na inchi yote. Mu 1997, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria akawakatala wote ku musingi: alisema kwa Wayoruba wa zamani, umri njo ulipanga watu, kuliko kuwa mwanaume ao mwanamke, na ukoloni njo uliingiza mupango ule mwengine. Yeye pia alipata wa kumupinga, na wengine ni wamama wa Afrika.

Hapa iko somo kwa sisi wa sendika. Wanabishana mu vitabu, jina kwa jina, hoja kwa hoja, na hakuna anayefukuzwa mu nyumba. Tangu 1986 wako na gazeti lao la kipekee la filozofia, Hypatia, lenye jina la mwalimu mwanamke wa Alexandria aliyeuawa mu mwaka 415. Kwetu, delege akipinga mukubwa wake mu mukutano, siku ileile tunasema amenunuliwa na kompani. Vile hatuwezi kupata fikara mupya.

Sasa turudi hapa Katanga, juu hesabu ile ya jikoni hatukuifundishwa na Wazungu wa vitabu. Union Minière ilikuwa imekwisha kuifanya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ilipochoka kutafuta wafanyakazi wapya kila wakati, iliona kama mwanaume mwenye bibi na watoto karibu naye anakaa na hakimbie. Ikajenga kambi za familia, ikatoa posho ya bibi na ya watoto. Haikufanya vile juu ya huruma. Ilijua kama mwanamke akipika, akitunza mugonjwa na akizaa, mugodi unapata faida. Lakini hakuna mushahara uliotoka kwa jina lake. Kompani ilijua bei ya kazi yake miaka makumi mbele ya sendika, na sisi mpaka leo tunaandika menajere.

Na miaka ya 1990, wakati mishahara ilikawia myezi na myezi, nani alishikilia nyumba? Wamama walilima, waliuza makala, mafuta na unga ku soko. Wanaume wengi hapa walikula kwa ile franga na walisoma kwa ile franga. Lakini mwanamke wa ndoa, ku karatasi, alibaki sawa mutoto: Kodi ya Familia ya 1987, mu artikle 448, ilimuomba ruhusa ya bwana mbele ya kutia sahihi ku mapatano ya sheria. Ile ruhusa iliondolewa mu 2016 tu.

Kodi ya Kazi ya 2002 nayo iko na jambo la kutazama. Artikle 130 inamupa mama anayezaa juma 14 za mapumziko, na wakati ule anapata sehemu mbili ku tatu za malipo yake. Wengi wetu tulizoea kusoma artikle ile sawa zawadi. Mutu akisoma kisha wale wamama wa filozofia, anaisoma ingine namna. Kama kuzaa njo kunaleta mufanyakazi wa kesho, ile sehemu ya tatu inakatwa juu ya kosa gani? Kila mwaka tunabishana usiku muzima juu ya nyongeza ndogo ya usafiri, na ulizo hili halijaingia hata siku moja ku meza yetu.

Tuseme wazi: kosa haliko la matajiri tu. Ni letu pia. Maombi ya wamama tunayatia ku «mengineyo», mwisho wa mukutano, wakati watu wamekwisha kusimama. Mukutano wenyewe tunauweka saa kumi na mbili ya jioni, saa ya moto na ya watoto, kisha tunashangaa juu ya nini wamama hawafike. Na wale wanaosafisha ofisi na kupika ku kantini, walioandikwa na makompani madogo, tunasema hawako wa sendika yetu.

Mbele ya mazungumzo ya mapatano ya kazi yatakayokuja, kila sendika ya migodi ifanye mambo haya. Ibadilishe saa ya mikutano. Iandikishe wasafishaji na wapishi, na iwape nafasi ya kuchagua delege wao. Nafasi ya kulinda watoto wadogo, mayi mu kambi, na malipo mazima wakati wa kuzaa viwekwe ku mustari wa kwanza pamoja na mushahara, visiende ku «mengineyo».

Hatuombe kila delege asome Delphy ao Davis. Tunaomba leo jioni, akirudi ku nyumba, aangalie saa ya yeye kuvua viatu na saa ya bibi yake kukaa chini. Aandike zile saa mbili ku karatasi, na alete karatasi ile ku mukutano.