Je, Irene van Dyk Aliisaliti Nchi Yake?

Mwaka 2000 Irene van Dyk, mwalimu kwa taaluma na mchezaji mashuhuri wa netiboli, alihama Afrika ya Kusini pamoja na mumewe na binti yao, akaenda kuishi New Zealand. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwisha kuvaa jezi ya timu ya taifa ya huko. Nyuma yake aliacha mechi 72 alizoichezea nchi aliyozaliwa. Kelele zilizopigwa hazikuwa haba. Kwao wapo waliomwona msaliti, na huko alikokwenda wapo walionung'unika kwamba mgeni ametwaa nafasi ya binti wa nyumbani.

Usaliti ni neno zito, na haifai kumrushia mtu neno kama hilo kabla ya kulipima.

Nchi mbili hizi, katika mambo ya michezo, zina historia ambayo Watanzania wanaijua kwa uchungu. Mwaka 1976 Tanzania na mataifa mengi ya Afrika yaliisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Medali ya dhahabu ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, mtu yule yule ambaye Bayi alimwacha nyuma Christchurch. Haki idai kusema pia kwamba si wananchi wote wa New Zealand walioafiki mwenendo huo. Mwaka 1981, timu ya raga ya makaburu ilipozuru nchi yao, mamia ya waandamanaji waliingia uwanjani katika mji wa Hamilton na mechi ikavunjwa.

Netiboli nayo haikusalimika. Baada ya kushiriki mashindano ya dunia ya mwaka 1967, Afrika ya Kusini haikuonekana tena humo hadi mwaka 1995. Kwa hiyo Irene van Dyk, aliyezaliwa Vereeniging mwaka 1972, alikuwa na bahati ya kuzaliwa wakati uliofaa. Alianza kuichezea timu ya taifa mwaka 1994, mwaka ambao wananchi wote walipiga kura kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata, huko Birmingham, timu hiyo iliyotoka kifungoni iliishinda New Zealand na kufika fainali, ambako ilishindwa na Australia.

Hapana budi jambo moja lisemwe hapa bila kuficha. Van Dyk alitoka katika upande wa jamii uliokuwa na viwanja, walimu wa michezo na mipira ya kutosha. Upande wa pili, wenye watu wengi zaidi, ulinyimwa hayo kwa sheria. Ni wasichana wangapi warefu wenye mikono mizuri waliozeeka bila kuguswa na mwalimu yeyote wa mchezo huo? Hao ndio hasara kubwa ya nchi ile, kubwa kuliko hasara ya mchezaji mmoja aliyepanda ndege.

Basi alipofika ugenini alifanya nini? Netiboli ni mchezo wa watu saba kila upande, na wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufunga. Mchezaji hatembei na mpira wala haushiki zaidi ya sekunde tatu. Pete iko juu mita 3.05, na mlinzi husimama mita 0.9 tu mbele ya mfungaji, mikono juu. Katika hali hiyo urefu ni msaada, lakini haufungi goli wenyewe. Van Dyk, mwenye urefu wa sentimita 190, alikuwa akifanya mazoezi ya kurusha mamia ya mipira kwa siku, na katika mechi nyingi alifunga zaidi ya mipira 90 katika kila 100 aliyorusha. Huo ni uhodari wa jasho.

Mwaka 2003, huko Kingston, Jamaica, New Zealand iliifunga Australia 49 kwa 47 na kutwaa ubingwa wa dunia ilioukosa tangu 1987. Zilifuata dhahabu za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne mwaka 2006 na Delhi mwaka 2010. Fainali ya Delhi ilihitaji kuongezewa muda mara mbili, ikaisha 66 kwa 64. Hakushinda kila kitu: fainali za dunia za 2007 na 2011 zote zilikwenda Australia, ile ya pili kwa goli moja. Alipostaafu timu ya taifa mwaka 2014, karibu kutimiza miaka 42, alikuwa amecheza mechi 217 za kimataifa, 145 kati yake akiwa na New Zealand. Klabu yake ya miaka mingi, Waikato Bay of Plenty Magic, ilikuwa na makao katika jimbo la Hamilton, mji ule ule uliowafukuza makaburu uwanjani. Mwaka 2012 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya pamoja ya Australia na New Zealand.

Wanaomlaumu husema kwamba alikwenda kama pamba ghafi, ikavunwa huku na kufumwa kule. Mfano huo una ukweli wake. Walimu waliomfundisha utotoni hawakugawana naye ushindi wa Kingston. Lakini pamba husafirishwa ghafi pale ambapo mkulima hana kinu. Afrika ya Kusini ya mwaka 2000 haikuwa na ligi ya taifa ya netiboli ya kumtosheleza mchezaji wa kiwango chake, wakati New Zealand ilikuwa nayo. Ligi ya Afrika ya Kusini yenye sura hiyo ilianzishwa mwaka 2014, mwaka ule ule aliovua jezi ya taifa.

Tofauti inaonekana kwa waliomfuata. Bongiwe Msomi na Karla Pretorius nao walikwenda kucheza ligi za ng'ambo, tena kwa malipo, na hakuna aliyewaita wasaliti, maana kila nchi yao ilipowaita walirudi. Mwaka 2019, huko Liverpool, Msomi akiwa nahodha, Afrika ya Kusini ilishika nafasi ya nne duniani, na Pretorius akateuliwa mchezaji bora wa mashindano. Njia hiyo ya kwenda na kurudi haikuwa imefunguliwa wakati Van Dyk alipofunga mizigo yake.

Mwaka 2023 mashindano ya dunia yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town. Msomi aliwaongoza wenyeji mbele ya watu wake, na timu ikamaliza ya sita, baada ya kushindwa na Uganda katika mechi ya kuwania nafasi ya tano.