Uchumba wa Uzeeni na Mlango wa Viza

Jumapili moja dada yangu mkubwa aliniita nyumbani kwake Mombasa, akaniketisha, akanitilia chai, kisha akaniambia bila ya kuzunguka kwamba amechumbiwa. Dada ana umri wa miaka 63, ni mjane, ni muuguzi mstaafu, na ana wajukuu watano. Mchumba wake ni Mwingereza wa miaka 70, naye mkewe alifariki, na kwa miaka minane sasa huja pwani kila Januari baridi ya kwao inapomzidi. "Usinicheke, mdogo wangu," alisema. "Sikukuitia ushauri wa mapenzi. Nimekuitia mambo ya viza, maana wewe ndiwe msomaji katika ukoo huu."

Sikucheka. Lakini nilitoka pale na mzigo kichwani, na mwezi mzima nimekuwa nikisoma kanuni za serikali na kuwauliza wajuao. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwani najua dada si peke yake. Tumezoea, tukisikia habari za ndoa na mgeni, kufikiria mzungu mzee na msichana mbichi wa huko Malindi au Diani, na hapo hapo midomo yetu hupinda. Wako wengine ambao hatuwatazami: watu wawili wazima, kila mmoja na pensheni yake, watoto wake waliokwisha kuoa na kuolewa, na kaburi lake la kuzuru. Sheria za uhamiaji hazina mlango wao. Wanapangwa foleni moja na vijana, na huulizwa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya vijana.

Tuanze na Uingereza. Kabla hajaniita mimi, dada alikuwa amekwisha kumwona wakala mmoja mjini. Wakala huyo alipokea fedha, akamwambia aombe viza ya matembezi, afike, afunge ndoa kimya kimya, mengine yatajipanga. Huo ni ushauri wa kumpeleka mtu shimoni. Mwenye viza ya kawaida ya matembezi haruhusiwi kufunga ndoa Uingereza, wala hata kutoa ilani ya ndoa. Iko viza nyingine ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa, lakini hiyo ni ya kufunga na kurudi kwenu ndani ya miezi 6. Anayetaka kukaa ana njia mbili. Aombe viza ya mchumba, ambayo humpa miezi 6 ya kufunga ndoa bila ruhusa ya kufanya kazi, kisha aombe upya na kulipa upya kama mke. Au afunge ndoa hapa Kenya kwanza, aombe mara moja tu kama mke, na apewe miaka 2 na miezi 9 ya kwanza, kisha aongezewe, hata afikishe miaka 5 na kuomba makazi ya kudumu. Kwa wazee wenye fedha ya kuhesabu, mimi sioni sababu ya kulipia mlango mmoja mara mbili.

Fedha ndipo penye kisiki. Tangu Julai 2012 Mwingereza anayemleta mke au mume kutoka nje alitakiwa kuonyesha pato la pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa mara moja hadi pauni 29,000. Pensheni inahesabiwa, na hilo ni jema kwa wazee. Lakini ni wastaafu wangapi wanaopata kiasi hicho? Shemeji yangu mtarajiwa, akijumlisha pensheni ya serikali na ile ya kazi yake, anapata kama pauni 24,000. Pengo la 5,000 aweza kuliziba kwa akiba, ila hesabu yake ni ya ajabu: pengo huzidishwa mara mbili na nusu, kisha huongezwa pauni 16,000. Maana yake anahitaji pauni 28,500 zilizolala benki miezi 6 bila kuguswa. Asiye na pato lolote hutakiwa akiba ya pauni 88,500. Juu ya hayo kuna ada ya matibabu, iliyowekwa mwaka 2024 kuwa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Kwa kipindi cha kwanza ni pauni 3,105, nayo hulipwa yote kwa pamoja.

Nilipofika kwenye mtihani wa Kiingereza, dada alicheka hata chai ikamwagika. Kwa miaka 35 ameandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza, usiku na mchana. Walakini Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani, na yeye ana stashahada, hana shahada ya chuo kikuu. Kwa hiyo itambidi akae mbele ya mtahini athibitishe kwamba aweza kutaja jina lake na kuuliza njia. Ila mwenye umri wa miaka 65 au zaidi husamehewa. "Basi ningoje miaka miwili niwe mjinga kwa ruhusa?" aliniuliza.

Halafu kuna ushahidi wa mapenzi. Ofisa wa viza hutaka kuona barua, picha, tikiti za safari na ujumbe wa simu, ili aamini kwamba uhusiano ni wa kweli. Vijana hawana shida hapo, maisha yao yote yamo simuni. Dada alikuwa akifuta ujumbe wa mchumba wake kila jioni, wajukuu wasije wakausoma. Miaka minane ya maneno mazuri imekwenda na maji! Nimemshauri aache kufuta, na yule bwana atafute mihuri yote ya pasipoti zake za zamani.

Lakini karatasi iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya marehemu. Anayetaka kuoa au kuolewa tena hapana budi athibitishe kuwa yuko huru, na mjane huthibitisha kwa cheti cha kifo. Shemeji yangu wa kwanza alifariki mwaka 1998 kule kwetu Taita. Tulimzika kwa heshima, wazee wakasema yao, na kilichobaki mkononi ni kibali cha mazishi. Nani wakati ule wa majonzi alifikiria cheti? Sasa inabidi kifo cha zaidi ya miaka 25 kisajiliwe upya, kwa barua ya chifu na maelezo ya mashahidi ambao wengine nao wamekwisha kuzikwa. Ukiwa mjane unayesoma haya, hata kama huna mchumba, litazame sanduku lako.

Afadhali mjane kuliko aliyeachana kienyeji. Namjua mzee mmoja wa Voi, mstaafu wa reli mwenye miaka 66, ambaye mchumba wake ni mwalimu mstaafu wa Kimarekani. Mzee huyo na mkewe wa kwanza walitengana zamani mbele ya wazee, mahari ikarudishwa, mambo yakaisha. Kwa macho ya kijiji ameachana. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya kimila nayo huvunjwa na mahakama, na ofisa wa ubalozi huuliza hati yenye muhuri. Mzee ameajiri wakili kumaliza jambo ambalo aliamini lilikwisha kitambo.

Njia yake ya kwenda Marekani si sawa na ya dada. Wamarekani wana viza ya mchumba iitwayo K-1, iliyoanza mwaka 1970. Ombi hupelekwa na raia wa Marekani tu, wala si mgeni mwenye kadi ya ukaazi. Lazima wachumba wawe wamekutana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya ombi, na mchumba akifika hupewa siku 90 za kufunga ndoa na huyo huyo aliyemwombea. Wakishindwana hawezi kutafuta mwingine akabaki. Pato linalotakiwa ni dogo kuliko la Uingereza, kwani hupimwa kwa kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka, na pensheni huhesabiwa. Njia ya pili ni kufunga ndoa kwanza, kisha kuomba viza ya ukaazi kama mume. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku anapoingia, kadi yake huwa ya masharti kwa miaka 2. Na mzee asidhani atakuta matibabu mezani: bima ya wazee ya Marekani, Medicare, humtaka mgeni wa miaka 65 asiye na historia ya kazi kule awe amekaa na kadi ya ukaazi miaka 5 mfululizo kabla ya kuinunua. Miaka 66 ukiongeza mitano ni 71. Hesabu hiyo mzee wa reli hakuipenda.

Sasa niseme lile ambalo watu huona haya kulitaja kwenye uchumba. Wazee hufa. Mwenye viza ya mchumba akifiwa kabla ya ndoa, amebaki bila kitu, ombi limekufa na mwenyewe. Ndoa ikiwa imekwisha kufungwa, hali ni nyingine. Marekani hadi mwaka 2009 ilimfungia mlango mjane ambaye ndoa yake haikuwa imefikisha miaka 2. Oktoba mwaka huo sheria ilibadilishwa, na sasa mjane wa raia aweza kujiombea mwenyewe ndani ya miaka 2 tangu kifo. Uingereza nayo humruhusu mjane aliyekuwa na viza ya mke au mume kuomba makazi ya kudumu, lakini si mchumba. Hii ni sababu yangu ya pili, na iliyo kubwa zaidi, ya kuwaambia wenye mvi wafunge ndoa kwanza.

Nilidhani nimemaliza. Ndipo msichana wa miaka 11 akaingia kutoka dukani, akaweka mkate mezani, akamwita dada "Mama". Ni mjukuu. Mama yake, binti wa dada, alifariki mtoto huyo akiwa mchanga. Viza ya K-1 humruhusu mchumba aende na mtoto wake asiyetimiza miaka 21, na Uingereza nayo ina nafasi ya watoto. Mjukuu hayumo. Bibi aliyemlea tangu titi si mzazi wake mbele ya fomu, ila awe amemwasili kwa amri ya mahakama, na hata hapo masharti hayaishi. Dada alikuwa bado hajaniuliza juu ya mtoto, nami nikafahamu kwamba alikuwa akiogopa kuuliza.

Kwa hiyo nilimwuliza mimi: mbona asije yeye?

Kwa muda mrefu swali hilo lingekuwa la bure. Katiba ya zamani ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya haki ya kuomba uraia, na mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti yetu haikumpa kitu. Katiba ya 2010 iliufuta ubaguzi huo. Leo mgeni, awe mume au mke, aliyekaa katika ndoa na raia miaka 7 ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, na kabla ya hapo kuna pasi ya mtegemezi, kisha makazi ya kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Asiyetaka kutegemea ndoa aweza kuomba kibali cha Klasi K, cha mtu wa miaka 35 au zaidi asiyetafuta kazi, mwenye pato la uhakika la dola 24,000 kwa mwaka. Kufunga ndoa kwenyewe kwa msajili ni ilani ya siku 21, pamoja na cheti kutoka kwao mgeni kwamba hana kizuizi.

Sisemi kwamba upande huu ni asali tupu. Pensheni ya serikali ya Uingereza, mwenyewe akihamia Kenya, husimama pale pale ilipokuwa siku aliyohama. Wenzake walioko kwao wanaongezwa kila Aprili, yeye la. Shilingi za dawa hazisimami hivyo. Mgeni hawezi kumiliki ardhi hapa ila kwa kukodi, isiyozidi miaka 99, jambo ambalo linawatuliza watoto wa dada kuliko linavyomtuliza bwana. Na dada naye ana la kumwuliza mwanasheria: Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 ilisema mjane mwanamke akiolewa tena hupoteza haki ya kuishi kwa mali ya marehemu, ilhali mwanamume hakuguswa. Kifungu hicho kimepingwa mahakamani kwa kuwa cha ubaguzi, lakini shamba la Taita liko kwenye jina la marehemu, na shemeji zake wanajua kusoma.

Nilimweleza yote haya, pamoja na hesabu ya pauni 28,500. Alinyamaza, akamtazama mtoto akipaka mkate siagi. Jioni alimpigia simu mchumba wake, nami nikatoka nje ili nisisikie. Aliporudi alisema tu kwamba bwana anataka kujua joto la Machi likoje, maana yeye hajapata kukaa kupita Februari.

Alhamisi iliyopita tulipanda gari alfajiri kwenda Wundanyi. Chifu hakuwapo. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, dada akiwa na kile kibali cha mazishi cha 1998 ndani ya mfuko wa plastiki, ameushika kwa mikono miwili.